Hongo, Doti na Pagazi Katika Kamusi ya Waingereza

Hadi mwaka 1962 jina la nchi yetu katika vitabu vya Kiingereza lilikuwa la Kiswahili. Waliandika Urundi, na mji huu wakauita Usumbura. Mrundi mwenyewe husema Uburundi na Bujumbura, lakini Richard Burton, ambaye kitabu chake kuhusu nchi za maziwa kilitoka London mwaka 1860, aliyapata majina ya nchi vinywani mwa watu wa msafara, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Ndivyo herufi U ilivyokaa kwenye ramani: Urundi, Ujiji, Unyamwezi, Uganda. Wajerumani waliichukua, Wabelgiji wakairithi wakaandika Ruanda-Urundi kwenye stempu. Tarehe 1 Julai 1962 sisi tukarudisha B yetu. Waganda hawakuhangaika: ufalme wao ni Buganda, ila nchi nzima imebaki na jina kama wapagazi walivyolitamka.

Ninafundisha Kiingereza jioni hapa Buyenzi, katika chumba kilicho nyuma ya duka la spea za magari. Tangu Burundi iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na hasa tangu sheria ya 2014 iliyokifanya Kiingereza lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, wanafunzi hawanipungui. Kuna mafundi wa gereji, kuna mama wa vitenge wa soko la Siyoni, kuna kijana anayeleta bidhaa kutoka Kigoma. Wanataka Kiingereza cha ankara na cha forodhani, nami nawapa. Saa ya mwisho ya wiki, lakini, ni yangu: tunasoma vitabu vya wasafiri wa karne ya 19. Haki za kuvichapa zilikwisha zamani, vinapatikana bure kwenye simu, na vinasimulia ziwa na njia ambazo wanafunzi wangu wanazijua kuliko waandishi wenyewe walivyozijua.

Jioni moja fundi wa breki alikuwa akitusomea ukurasa wa Henry Morton Stanley, kidole juu ya kioo cha simu, sentensi ndefu zikimtoa jasho. Akafika kwenye neno pagazi, akakwama.

“Maalim, hili wamelikata kichwa. M yake iko wapi?”

Mama wa vitenge alimjibu kabla sijafungua mdomo: “Waliiacha Bagamoyo.”

Si mbali na ukweli. Burton alikuwa mtu wa lugha nyingi, na aliwaeleza wasomaji wake mapema kabisa kwamba U ni nchi, M ni mtu mmoja, Wa ni watu, na Ki ni lugha. Waliomfuata hawakuwa na subira hiyo. Mpagazi akawa pagazi, na wakiwa wengi wakabandikwa herufi s mwishoni kama viti na meza za Kiingereza. Kamusi kubwa za Kiingereza zinalo neno hilo hadi leo, zikilieleza kuwa la kihistoria: mchukuzi wa mizigo wa Afrika Mashariki. Mwingereza wa leo ukimtajia pagazi atakutazama tu.

Njia yenyewe ambayo baadhi ya maneno haya yalipitia ni ya kushangaza. John Hanning Speke, mwenzake Burton, aliwasiliana na msafara wake kwa Kihindustani, lugha aliyojifunza akiwa askari India. Aliyemwezesha ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akauzwa, akaishi India miaka mingi, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Basi jambo lililosemwa kwa Kiswahili huku ziwani lilibebwa na Bombay hadi kwenye Kihindustani, Speke akalipeleka kwenye Kiingereza. Bombay baadaye aliongoza watu wa Stanley, na wa msafiri Verney Lovett Cameron pia. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni. Jina lake kwenye majalada ya vitabu halipo.

Mama wa vitenge ndiye aliyefurahia zaidi sehemu ya vitambaa, na mimi pia ndiyo ninayoipenda. Burton anaeleza biashara hiyo kama mtu mwenye duka. Nguo iliyotawala ni merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, mji mdogo wa bandari katika Massachusetts. Sultani Said bin Sultan alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, na konsuli wa kwanza wa Kimarekani Zanzibar, aliyeanza kazi mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Baada ya merikani ilifuata kaniki, nguo ya rangi ya nili kutoka India. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, viwanda vya India na Uingereza vilichukua nafasi, lakini jina halikubadilika. Nguo ya mji wa Bombay nayo ikaitwa merikani.

Vipimo vyake viliingia Kiingereza vyote. Mikono 4 ni shuka, shuka 2 ni doti, na kitambaa kizima ambacho hakijakatwa ni jora. Ukisoma Stanley utaona mbuzi, unga, mtumbwi na ruhusa ya kupita vyote vikipewa bei kwa doti. Msomaji wa London wa mwaka 1872 ilimbidi aambiwe doti ni nini. Mama wa vitenge hakuhitaji kuambiwa. Hapa Bujumbura kitenge huuzwa kwa kipande kizima au nusu, ila kanga ikija kutoka Dar es Salaam inakuja kwa doti, na doti ni zile mbili zilizoungana. Kipimo kilichokuwa cha nguo yoyote kimejificha ndani ya kanga tu.

Kwenye shanga mambo yalikuwa magumu zaidi. Burton anasema zilikuwapo aina zipatazo 400, na kila nchi ilikuwa na fasheni yake. Msafara ukibeba shanga ambazo msimu huu hazitakiwi, ulikuwa umebeba mawe. Nyekundu, zile za samesame, zilipewa lakabu yenye maana ya kumaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa tayari kulala njaa ili azipate. Lakabu nyingine ilikuwa na maana ya kuvunja mji, na sababu yake Burton anawasingizia wanawake.

Cameron alifika Ujiji mwaka 1874, akaona sokoni shanga za sofi, ndogo, zinazofanana na vipande vya kiko kilichovunjika. Hizo ndizo zilizokuwa fedha ya soko. Wabadilishaji walikuja nazo asubuhi mifukoni. Mnunuzi aliyekuwa na nguo au shanga nyingine alibadilisha kwanza, akanunua samaki wake, na soko lilipofungwa wafanyabiashara wakabadilisha tena kurudisha, na mbadilishaji akala faida mwanzo na mwisho. Niliposoma hapo darasa zima lilicheka. Mtu aliyewahi kutafuta dola Bujumbura, akiwa na bei moja ya benki na nyingine ya mtaani, hahitaji maelezo ya ziada kuhusu sofi.

Neno lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni hongo.

Katika vitabu vya Kiingereza linaandikwa mara hongo mara honga, na maana yake ni malipo anayotoa msafiri kwa mwenye nchi ili apite. Halikuwa jambo la kificho. Mjumbe alikuja kambini mchana kweupe, kiasi kikabishaniwa mbele ya watu wote, nguo zikahesabiwa, na mara nyingi ngoma ikapigwa kutangaza kwamba mgeni amelipa, asisumbuliwe. Kwa hongo hiyo mtu alinunua njia, maji na usalama. Burton alilifasiri kwa neno la Kiingereza la kutoza watu kwa vitisho, na wasafiri wengi baada yake wakashika hiyohiyo. Hapa mimi huwa siwezi kunyamaza. Bidhaa hizohizo, ziliposhushwa Zanzibar, zilitozwa na Sultani asilimia 5 kwa mujibu wa mikataba, na Waingereza waliiita forodha. Ziliposhikwa na mtemi wa Ugogo au Uha, tozo ileile ikageuka unyang'anyi. Tofauti niionayo ni kwamba mmoja alikuwa na mkataba ulioandikwa na mwingine alikuwa na ngoma.

Stanley alipita Uha mwezi Novemba 1871, siku chache kabla ya kumkuta mmisionari David Livingstone Ujiji. Alilipa kwa mkubwa wa kwanza baada ya mabishano marefu, kisha akaambiwa kwamba mbele kuna wengine wanaomngoja. Akahesabu nguo zilizobaki, akaona atafika ziwani mikono mitupu. Akamlipa mtu anayeijua njia ya porini, akatoroka usiku na msafara wote, kimya. Njiani mwanamke mmoja wa msafara alishikwa na hofu akaanza kupiga mayowe. Stanley anaandika, bila haya yoyote, kwamba alimchapa hadi akanyamaza. Kijana wa Kigoma aliuliza: “Kwa hiyo huyu alikuwa anakwepa ushuru?” Nikamwambia ndiyo, huo ndio usomaji sahihi wa ukurasa huo, na hakuna profesa aliyewahi kuniambia kwa ufupi hivyo.

Leo hongo ni rushwa. Kirundi tunasema igiturire, na maana ni moja: ni kitu cha chini ya meza. Kwa hiyo anayetaka kujua kwamba hongo ilikuwa kodi ya wazi, yenye mjumbe na mashahidi, ataiona maana hiyo haraka zaidi katika vitabu vya Kiingereza vya karne ya 19 kuliko katika mazungumzo yetu ya leo. Sababu si kwamba Waingereza walilijua neno kuliko sisi. Wao walilipiga picha likiwa katika hali moja, wakaliacha hapo, sisi tukaendelea kulitumia. Serikali za kikoloni zilipochukua barabara zote na kodi zote, mtu aliyeendelea kudai chake njiani alibaki mwizi, na jina la malipo yake likaanguka pamoja naye.

Maandishi ya Waswahili wenyewe kuhusu misafara yapo, ila yalichapishwa baadaye. Carl Velten, Mjerumani, alitoa Safari za Wasuaheli mwaka 1901, na humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara. Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Hiyo ni miaka 40 baada ya Burton. Kabla ya hapo malenga wa pwani waliandika kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, nakala ya Utendi wa Tambuka ni ya mwaka 1728, lakini walikuwa na makubwa zaidi ya kutunga kuliko bei ya kaniki Ujiji.

Posho nalo lina ukoo mgumu. Msafarani lilikuwa chakula cha mpagazi cha kila siku, nafaka inayopimwa kwa kibaba, au nguo na shanga za kununulia nafaka hiyo. Posho ikichelewa, mzigo unatuliwa chini. Waingereza walilichukua kwa maana hiyo, wakalipeleka kwenye mashamba na reli zao. Kutoka hapo kila nchi imekwenda na lake. Mganda akisema posho anasema ugali. Mtanzania akisema posho anasema fedha ya kikao, na kila mwaka wabunge wanasemwa kwa ajili yake. Huku kwetu chakula chenyewe ni bugali na hakuna mkanganyiko, mpaka uende semina Arusha ukaambiwa posho itatolewa saa kumi, ukakaa ukisubiri sahani.

Mengine nitayapitia haraka. Frasila, kipimo cha uzito cha ratili 35 hivi, karibu kilo 16: mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila 2. Tembe, nyumba ya paa bapa ya udongo, kama ile ya Kwihara karibu na Tabora alikokaa Livingstone. Kirangozi, kiongozi aliyetangulia mbele ya msafara amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani ili aonekane kutoka nyuma. Waingereza wanalo neno dhow, lenye h isiyo na kazi, wakimaanisha chombo chochote cha tanga cha Bahari ya Hindi. Baharia wa Zanzibar atakutajia jahazi, mashua au ngalawa, na dau kwake ni chombo kidogo.

Boma limeumbiwa hadithi. Kuna watu, hata wasomi, wanaoshikilia kwamba ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya utawala wa Waingereza ng'ambo. Ni uzushi. Stanley ameliandika neno hilo kwa maana ya uzio wa miiba kuzunguka kambi, miaka mingi kabla Mwingereza hajawa na ofisi yoyote ya wilaya huku, na Wajerumani waliziita ngome zao boma bila kujua Kiingereza.

Safari ndilo lililofanikiwa kuliko yote, na kwa kufanikiwa likaharibika. Burton ni miongoni mwa wa kwanza kuliandika kwa Kiingereza, kwa maana yetu ya kawaida: mwendo, na watu walio kwenye mwendo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu madarakani, alishuka Mombasa na bunduki zake, magazeti ya dunia yakamfuata, na tangu hapo safari kwa Kiingereza ni kwenda kuwinda au kutazama wanyama. Kampuni ya Apple ikalipachika kwenye programu ya intaneti mwaka 2003. Huku kwenye Maziwa Makuu Safari ni jina la mtu. Nina mwanafunzi mwenye jina hilo, na amekwisha kuchoka kuulizwa na wageni kama anaongoza watalii.

Ukiyaweka maneno haya pamoja unaona orodha ya mahitaji: mchukuzi, kiongozi, chakula chake, nguo ya kumlipa, kipimo cha nguo, ushuru wa njia, uzio wa kulala. Watu waliopita hapa miezi na miaka, wakauguzwa, wakalishwa, wakasindikizwa, hawakuchukua neno la kumpa pole mtu. Nasikia watu wakijivuna redioni kwamba Kiswahili kimeipa dunia maneno. Kimeipa, sawa. Ila ukiangalia yaliyotolewa, utaona mpokeaji alikuja na orodha yake mkononi.

Na yaliingiaje kamusini? Mwaka 1857, mwaka uleule Burton na Speke walipotoka Zanzibar kuelekea bara, wanachama wa chama cha wanazuoni wa lugha jijini London walianza kusema kwamba kamusi zilizokuwapo zina mapengo. Ilichukua hadi 1928 kumaliza ile inayojulikana leo kama kamusi ya Oxford. James Murray, mhariri wake mkuu kuanzia 1879, alitoa mwito kwa watu wa kawaida wasome vitabu, na kila wakikuta neno la kuangaliwa walinukuu sentensi yake kwenye kikaratasi na kumtumia kwa posta. Vikaratasi vilikuja kwa mamilioni. Kwa utaratibu huo wa sentensi na mwaka wake, kazi inayoendelea hadi leo, kitabu cha safari kilichosahaulika kinaweza kuwa shahidi wa neno. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasiishie kwenye maana. Washuke hadi kwenye mifano, waangalie miaka.

Kilomita 10 hivi kusini mwa mji, Mugere, kuna jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni hupelekwa pale na kuambiwa ndipo wawili hao walipokutana. Walikutana Ujiji. Hapa walipita kwa mtumbwi wakienda kuhakikisha kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, na Mukamba, mkuu wa sehemu hii iliyoitwa Uzige, akawapokea vizuri. Mto waliukuta unaingia. Burton na Speke walikuwa wameshindwa kuufikia mwaka 1858, waliishia Uvira, ng'ambo ileile tunayoiona kutoka ufukweni jioni taa zikiwaka.

Mwaka 2022 kamusi ya Oxford iliongeza kundi la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, nyama choma na sambaza yakiwamo. Wahusika safari hii ni wasemaji wa Kiingereza wa Kenya, Uganda na Tanzania, na maneno hayo mawili ni ya kula na ya simu. Darasa langu liliniuliza Bujumbura tungepeleka neno gani. Mama wa vitenge alitaka mukeke, samaki wetu wa ziwani, fundi akataka la gereji ambalo halichapiki. Mimi nilichagua zamu. Katika Kiswahili cha kawaida ni mtu kushika nafasi yake ya kazi, lakini katika mji huu mzima, kwa Kirundi, kwa Kiswahili na hata kwa Kifaransa cha wageni, zamu ni yule mtu anayelinda lango usiku. Mwingereza akija kuishi Kiriri au Rohero, hilo ndilo atakalojifunza kwanza, maana bila hilo hafunguliwi. Wakiwa wawili langoni, atawaita zamus.